Nshomile, kwa Mizani Ipi?

Ukitaka kumtania Mhaya popote Tanzania hii, mwite "nshomile". Neno ni la Kihaya na maana yake ni "nimesoma". Utani wenyewe unadai kwamba Mhaya hamalizi dakika tano kabla hajakwambia alisoma wapi, na akishaanza kukwambia atachomeka Kiingereza hata kama mlikuwa mnaongelea bei ya ndizi. Chuoni tulicheka sana na utani huo. Kisha nikapangiwa kazi Kamachumu, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, nifundishe Kiingereza sekondari, na neno likaanza kunifikirisha kwa namna nyingine.

Kihaya, sawa na Kiswahili, hakitenganishi kusoma kitabu na kusoma shule. Neno ni hilohilo moja. Kwa hiyo anayesema "nshomile" anaweza kuwa anasema alipita darasani, au anaweza kuwa anasema aliondoka huko na kitu. Tofauti ya hayo mawili ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Mwisho wa kila muhula natakiwa niandike namba mbele ya jina la mtoto, na namba hiyo iseme kama ameondoka na kitu au amepita tu. Nataka tuiangalie namba hiyo pamoja, msomaji: inatoka wapi, inaona nini, na nini kinapita mbele yake bila kuonekana.

Kwa asiyepajua Kamachumu, unatoka Bukoba mjini kama unaenda Muleba, ukifika Muhutwe unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Huko juu kuna ubaridi na ukungu wa asubuhi, na kila nyumba imezungukwa na migomba na mibuni. Kuna Hospitali ya Ndolage ya Walutheri, kuna Rutabo ya Wakatoliki. Ni nchi ya shule za siku nyingi. Katika wilaya hiihii kuna Seminari ya Rubya, alikosoma Laurean Rugambwa kabla hajawa kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960. Watu wa huku hawahitaji kuhubiriwa kwamba shule inaweza kumfikisha mtu mbali. Ndiyo maana mzazi akikutana na mwalimu njiani, salamu zikiisha (na salamu za Kihaya haziishi haraka), swali ni moja: "Mwalimu, wangu amekuwa wa ngapi?"

Wa ngapi. Kuna mwanafunzi aliniuliza siku moja, "Madam, 'mimi ni mtoto wa ngapi kwetu' tunasemaje kwa Kiingereza?" Kila mwalimu wa Kiingereza nchini ameshaulizwa swali hilo na ameshakuna kichwa, maana Kiingereza hakina njia fupi ya kuliuliza. Swali tunalolipenda kuliko yote kuhusu elimu ya watoto wetu haliingii kirahisi kwenye lugha tunayowapimia. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora wala wanafunzi bora. Nikafurahi. Lakini orodha za ukutani, za "wa kwanza hadi wa 62", bado zinabandikwa shuleni, na mzazi bado anaweka kidole juu na kukishusha polepole mpaka akutane na jina la mwanawe.

Tuanze na namba ambayo mtoto anakuja nayo.

Watoto wanaingia kidato cha kwanza wakiwa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili. Kiingereza kwao kilikuwa somo moja tu kati ya mengine, na mtihani wake wa kumaliza darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu na kuweka kivuli kwenye herufi kwa penseli. Hebu tupige hesabu ndogo. Machaguo yakiwa matano, mtoto anayefumba macho na kuweka kivuli popote atapata, kwa wastani, 20 kati ya 100. Kwa viwango tunavyotumia sekondari, alama 30 ni D, na D ni kufaulu. Maana yake bahati peke yake inambeba mtoto theluthi mbili ya njia kabla hajajua neno hata moja. Tena bahati haiachi nyayo. Aliyejua na aliyebahatisha wanaacha kivuli kilekile cheusi.

Sekondari kuna kuandika, kwa hiyo bahati inapungua. Inakuja kazi nyingine: kukariri. Insha ya riwaya inakaririwa yote, kutoka utangulizi hadi hitimisho, na inamwagwa kwenye karatasi hata kama swali limeuliza jambo jingine. Nimewahi kusahihisha insha saba mfululizo zenye sentensi ya kwanza moja, hadi koma. Kiswahili chetu hapa kina kejeli yake, kwa sababu neno "kukariri" lina maana mbili. Kuna kukariri majibu, na kuna kukariri darasa. Aliyekariri majibu anavuka, asiyekariri majibu anakariri darasa. Kidato cha pili kina upimaji wa kitaifa kila Novemba, na asiyefaulu anarudia mwaka mzima. Kwa familia nyingi mwaka wa kurudia ndio mwaka wa kuacha.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, na kazi zake za mwaka mzima zihesabiwe. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia 1985, pendekezo ambalo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, wakazunguka shule zetu kupima uwezo wa wanafunzi kusoma Kiingereza. Walikuta wengi wao hawana Kiingereza cha kubebea masomo mengine, kiasi kwamba katika madarasa mengi kinachofundishwa hakifiki. Hata hivyo wakashauri Kiingereza kiendelee, ila kiongezewe nguvu, na mradi wa vitabu vya kusoma ukafuata. Mwalimu Nyerere naye alikuwa na msimamo wake unaojulikana, kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia.

Sitaki kuufufua mjadala huo hapa. Ninachokiokota ni kwamba tangu 1984 tunajua mtoto anaweza kupanda darasa kila mwaka huku Kiingereza chake kimekaa palepale. Na Kiingereza kikikaa, kila namba nyingine inapinda. Nina mfano wa nyumbani kabisa. Huku kwetu migomba imepigwa na mnyauko unaosababishwa na bakteria. Mtoto wa Kamachumu wa miaka kumi na tano anajua ugonjwa huo unavyotembea kuliko mimi. Anajua panga likikata mgomba mgonjwa linaupeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima, kwa hiyo lazima lipitishwe motoni kwanza. Anajua ua la dume linavunjwa kwa kijiti cha panda, halikatwi kwa kisu. Hiyo ni baiolojia, na ameisoma kwa mikono yake. Mpe swali la maambukizi kwa Kiingereza, ataandika mistari miwili, ya kwanza ikiwa ni swali lenyewe amelinakili. Atapata alama 2 kati ya 10, na ripoti itasema hajui baiolojia.

Sasa nikueleze kuhusu binti mmoja. Jina lake nalihifadhi.

Kila Januari, wiki ya kwanza, kabla sijafundisha chochote, huwa nawapa kidato cha kwanza karatasi moja moja na kuwaambia waandike kuhusu wao wenyewe kwa Kiingereza. Siwapi alama. Nazikusanya, nazitia kwenye boksi la viatu, naliweka juu ya kabati. Karatasi ya binti huyu ilikuwa na jina lake na sentensi mbili: "I am live Kamachumu. My mother he is a farmer." Baada ya hapo ilikuwa nyeupe mpaka chini.

Miezi ishirini na moja baadaye, Oktoba ya kidato cha pili, niliwapa tena karatasi. Yake ilijaa pande mbili. Nainakili sentensi moja kama alivyoiandika: "My grandmother sended me to the market to sell bananas but the rain meeted me on the road, so I hided under the church."

Mwongozo wa kusahihisha tuliokuwa tukiutumia unakata nusu alama kwa kila kosa la sarufi. Ukiutumia, ile karatasi ya Januari ina makosa matatu: "am live", kiungo kilichokosekana kabla ya Kamachumu, na mama aliyeitwa "he". Sentensi ya Oktoba nayo ina matatu: "sended", "meeted", "hided". (Hapo nimemsamehe kujificha chini ya kanisa zima badala ya kwenye upenu wake.) Matatu kwa matatu. Kwa mwongozo huo, miezi ishirini na moja imezaa sifuri.

Lakini yatazame hayo makosa yenyewe. Kumwita mama "he" ni kosa la mtu ambaye lugha zake mbili, Kihaya na Kiswahili, hazijawahi kumwuliza kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Ni kosa la mtu aliyesimama nje ya mlango. "Sended", "meeted" na "hided" ni jambo lingine kabisa. Maneno hayo hakuyatoa ubaoni wala kitabuni, na hayapo hata kwenye kamusi. Ameyatengeneza mwenyewe. Amegundua kwamba Kiingereza kinaonyesha wakati uliopita kwa kutia mkia kwenye kitenzi, akaukamata ule mkia na kuutia kila mahali. Mtoto mdogo anayejifunza kuongea Kiswahili akisema "usikuja" badala ya "usije", mama yake hachukui kalamu nyekundu. Anacheka, kwa sababu anajua mtoto ameshaanza kuikamata lugha. Mwaka 1967 mtaalamu wa isimu S. Pit Corder aliandika makala yaliyobadilisha namna walimu wengi wa lugha wanavyoyaona makosa. Hoja yake ilikuwa kwamba makosa ya mwanafunzi yanamwonyesha mwalimu mahali mwanafunzi alipofika. Binti huyu alikuwa amefika mbali. Alikuwa na "but", alikuwa na "so", alikuwa na bibi, soko, mvua na kanisa ndani ya sentensi moja, na kila kimoja kimekaa mahali pake.

Kwenye mtihani wa majaribio wa muhula huohuo alipata 27. F.

Hapo ndipo neno "kusahihisha" linapochekesha. Kwa maana yake, kusahihisha ni kukifanya kitu kiwe sahihi. Kazi tunayoifanya usiku kucha na rundo la madaftari haikisahihishi chochote. Tunaweka alama ya mkasi, tunajumlisha, tunarudisha. Kosa linabaki pale pale, sasa likiwa jekundu. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya jaribio lake na wanafunzi wa Israeli. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, la pili maoni tu, la tatu alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni tu ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili walikuwa kama waliopewa alama tu, kwamba wakishaiona namba, maoni hayana kazi tena.

Nililijaribu hilo darasani kwangu. Nilirudisha insha 62 bila namba hata moja. Kila daftari lilikuwa na mistari miwili au mitatu, tena nimeiandika kwa Kiswahili ili ieleweke. Kwake niliandika: "Umeonyesha wakati uliopita mara tatu, na kila mara umetumia kanuni moja. Hongera. Kuna vitenzi vinavyoikataa kanuni hiyo. Vitafute vinne kwenye hadithi tuliyosoma Jumanne." Darasa likawa kimya. Kisha mkono ukanyooshwa nyuma: "Madam, hujamaliza kusahihisha." Mwingine akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mama yake kuzima jiko, "Sasa, Madam, mimi nimepata ngapi?" Kijana mmoja alipoona simjibu akaanza kuhesabu maneno niliyomwandikia na kuyalinganisha na ya jirani yake, ili angalau ajue nani ameandikiwa mengi. Wakabishana kama mengi ni mazuri au mabaya. Njaa ya "wa ngapi" haiishi kwa siku moja jamani. Lakini kesho yake binti alikuja na vitenzi sita. Nilikuwa nimeomba vinne.

Kuna kingine ambacho namba haikisikii, nacho ni sauti. Kwenye karatasi za mtihani wa Kiingereza tunazowaandaa watoto kuzikabili hakuna mahali mtoto anafungua mdomo. Mtu anaweza kumaliza miaka minne na kufaulu lugha ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiizungumza. Shule nyingi zinajaribu kuziba pengo hilo kwa amri. Si unakijua kile kibao cha mlangoni, "No English, No Service"? Mtoto anakuja ofisini kuomba chaki au ruhusa ya kwenda hospitali, anakisoma kibao, anageuka na kuondoka. Anayejua Kiingereza kidogo anakificha, asije akachekwa. Asiyejua anajifunza kunyamaza. Nami mtoto akinyamaza sina cha kupima.

Nilichokifanya nimekiazima. Tangu 2010 wapimaji wa Uwezo wamekuwa wakienda majumbani, wanakaa na mtoto mmoja mmoja na kumwomba asome: herufi, akiweza neno, akiweza aya, akiweza hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo yao ya mwanzo yalitikisa nchi, maana karibu nusu ya waliokuwa wanamaliza shule ya msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango hicho. Watu walibishana sana kuhusu takwimu zile. Mimi nilivutiwa na mkao wenyewe: mtu mzima amekaa kando ya mtoto, anamsikiliza. Basi mwisho wa kila kipindi nikawa nabaki na wanafunzi watano, dakika mbili kila mmoja, bila kalamu nyekundu mkononi. Darasa la watu 62 linaisha kwa vipindi kumi na tatu, kisha naanza upya. Si mzigo usiobebeka.

Nikahitaji pia namna ya kuandika ninachokisikia. Baraza la Ulaya mwaka 2001 lilichapisha mfumo wa viwango vya lugha ambao siku hizi unatumika sehemu nyingi duniani, kuanzia A1 hadi C2. Uzuri wake ni kwamba haukuulizi umepata ngapi. Unasema unaweza kufanya nini: unaweza kujitambulisha, unaweza kueleza ulichofanya jana, unaweza kutetea hoja. Nikaandika orodha yangu, ya Kamachumu. Anaweza kumwelekeza mgeni kutoka Muhutwe hadi Ndolage. Anaweza kueleza senene wanavyosafishwa na kukaangwa, hatua kwa hatua. Anaweza kusimulia jambo lililompata sokoni. Anaweza kueleza mnyauko unavyoenea. Anaweza kusoma maandishi ambayo hajawahi kuyaona na kumweleza mtu asiyejua Kiingereza yanasema nini. Hilo la mwisho liko chini kabisa kwenye orodha kwa sababu ndilo gumu kuliko yote.

Baada ya ile F, niliambiwa kwamba mjomba wa binti, mwenye duka Mwanza, amemwomba bibi amruhusu binti akamsaidie kazi. Si mtu mbaya mjomba huyo. Alikuwa amefanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: mtoto ana 27, upimaji ni mwezi ujao, atafeli, atarudia, na mwaka wa kurudia una sare yake, una michango yake ya chakula. Nikaenda kumwona bibi. Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama desturi ya huku ilivyo, tukaketi. Akaniuliza swali lake kwa Kihaya, neno moja: "Ashomile?" Amesoma? Binti alikuwa amesimama mlangoni.

Ningeweza kumjibu kwa ile 27. Badala yake niliomba maandishi yoyote ya Kiingereza yaliyomo ndani. Bibi akaleta kipakiti cha dawa ya mafua, kimekunjwakunjwa. Nikampa binti, nikamwambia amsomee bibi yake kisha amweleze. Akasoma kwa sauti, polepole: "May cause drowsiness. Do not drive or operate machinery." Kisha akanigeukia. "Madam, hili neno la tatu silijui." Nikanyamaza. Akairudia sentensi kimoyomoyo, midomo inacheza. "Lakini kama wanakataza kuendesha gari na mashine," akasema, "basi nadhani inaleta usingizi." Akamgeukia bibi na kumweleza kwa Kihaya. Bibi akacheka mpaka akashika magoti. Akasema mashine yake yeye ni jembe, na akishakunywa hiyo dawa hata jembe halimtii.

Msomaji, hiyo ndiyo kazi ya kusoma. Kukutana na neno usilolijua, usikimbie, uliulize sentensi iliyobaki. Mtihani wa majaribio haukuwa na swali la namna hiyo. Nilimwambia bibi kwamba mwaka juzi mjukuu wake asingeweza kufanya alichokifanya sasa hivi, na kwamba ninayo karatasi ya kuthibitisha. Bibi akatafuna kahawa yake kwa muda. "Mwanza haihami," akasema. "Amalize kwanza."

Novemba ikaja, na Novemba huku kwetu ni msimu wa senene. Usiku wanashuka kwenye taa kama mvua, vijana wanakesha na mapipa na mabati, na asubuhi wanaingia kwenye chumba cha mtihani macho mekundu. Binti alifanya upimaji wake. Januari matokeo yakatoka, na kwenye Kiingereza alipata D.

Amevuka, yuko kidato cha tatu, nashukuru. Ila darasa hilohilo lina kijana mwingine mwenye D ya Kiingereza. Karatasi yake ya Januari ya kidato cha kwanza ilikuwa safi. Sentensi tano, zote sahihi, alizozibeba kutoka shule ya msingi. Karatasi yake ya Oktoba ilikuwa na sentensi tano, ni zilezile, zote sahihi. Kwenye mwongozo wa nusu alama hana cha kukatwa. Kwenye dakika zangu mbili, nikimwuliza jana alifanya nini, ananijibu anaitwa nani na anaishi wapi. Ni kijana mwerevu, na kuna anayetakiwa kumwambia mapema kwamba amesimama. Ile D haimwambii. Inamwambia amefaulu.

Wakulima wa huku wanauza kahawa ikiwa kwenye maganda. Inapimwa kwenye mizani, inaandikwa kilo, hela inalipwa, lakini kila mkulima anajua kwamba uzito wa maganda na uzito wa kahawa safi ni vitu viwili, na magunia mawili yenye kilo sawa yakikobolewa yanaweza kutoa tofauti. Hakuna anayedai mizani itupwe. Mizani ina kazi yake, na nchi yenye watoto wengi hivi haiwezi kwenda bila mtihani wa pamoja. Ninachosema ni kwamba kwenye kahawa tunajua tumepima maganda. Kwenye mtoto tunasahau.

Kwa hiyo siku hizi kwenye ripoti, chini ya herufi, naandika mistari mitatu: alikuwa wapi Januari, yuko wapi sasa, kinachofuata ni nini. Kwa binti niliandika kwamba anasimulia, anabahatisha maana kwa akili, na vitenzi vinavyokataa kanuni bado vinampiga chenga. Kwa kijana niliandika kwamba sentensi zake tano ni nzuri na sasa tunamdai ya sita. Baba yake aliisoma ripoti yote pale ofisini, imesimama mbele ya macho yake kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kuona. Kisha akauliza, "Na amekuwa wa ngapi?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akashusha tena macho kwenye ile mistari mitatu, akamwita mwanawe aliyekuwa anasubiri nje, akamwuliza kwa Kiswahili hiyo sentensi ya sita iko wapi.

Wiki hii kidato cha kwanza kipya kimeingia. Wako 70, sare kubwa kuliko miili, wananuka sabuni. Karatasi zao nimeshazikusanya. Nyingi zina sentensi mbili, nyingine zina jina tu, na moja ina picha ya mgomba. Zote nimezitia kwenye boksi, na kila moja nimeiandika tarehe kwenye kona ya juu, kwa wino.